Seva ya Ujumbe kwa Timu ya Shamba: Ichague Kama Unavyochagua Ghala

Leo tunaweka pembeni mbolea na viwavijeshi. Tunazungumzia kitu ambacho kila mmoja wenu anakitumia tangu alfajiri lakini wachache wamekipangia utaratibu: mahali ambapo timu ya shamba inatumiana ujumbe.

Swali linanifikia karibu kila wiki, hasa kutoka kwa vijana waliotoka ekari moja wakafika kumi na kuanza kuajiri. "Afisa, tumekuwa wengi, grupu limekuwa fujo. Tuhamie programu gani?" Wengine wamesikia kwamba unaweza kuwa na seva yako mwenyewe, wanataka kujua kama inalipa au ni mbwembwe tu.

Jibu langu fupi ni hili: usianze na jina la programu. Anza kwa kuuliza nani anashika funguo za seva. Halafu uliza kumbukumbu za shamba lako zitakuwa wapi siku mfanyakazi akiondoka, simu ikitumbukia kwenye mfereji, au kampuni ikibadili masharti. Ukishajibu hayo, jina la programu linakuja lenyewe.

Seva ni nini hasa?

Ukiandika ujumbe, hauruki moja kwa moja kutoka simu yako hadi simu ya msimamizi. Unapita kwenye kompyuta inayowaka saa 24, ambayo kazi yake ni kupokea ujumbe, kujua nani ana haki ya kuuona, na kuupeleka. Hiyo ndiyo seva. Programu iliyo kwenye simu ni mlango. Seva ni ghala lenyewe.

Na kama ilivyo kwa ghala la mahindi, unaweza kutumia la mtu mwingine bure kwa masharti yake, unaweza kukodi chumba, au unaweza kujenga lako. Kila njia ina raha yake na karaha yake.

Maghala haya pia hayafanani kwa ndani. WhatsApp kwa kawaida hautunzi ujumbe kwenye seva ukishamfikia mlengwa. Ule ambao haujafika husubiri hadi siku 30, kisha unafutwa. Maana yake kumbukumbu yako iko kwenye simu na kwenye bakapu ya simu. Telegram ni kinyume: mazungumzo ya kawaida hukaa kwenye seva zao, ndiyo maana ukinunua simu mpya ukaingia, unayakuta yote. Si kwamba mmoja ni mzuri na mwingine ni mbaya. Ila ukiwa unaendesha biashara, lazima ujue uko kwenye ghala la aina gani.

Kwa nini hili ni jambo la pesa

Kuna timu moja ya vijana wanaolima nyanya ninayoitembelea. Watu 14: meneja, wasimamizi wawili, wapiga dawa, wavunaji, mtunza stoo, mhasibu na dereva. Wote walikuwa kwenye grupu moja. Jioni moja mpiga dawa alituma ujumbe wa sauti kwamba amepiga kiuatilifu kitalu namba 3. Lebo ilitaka kusubiri siku 7 kabla ya kuvuna. Usiku huo watu wakajadili mpira, wakatumiana salamu, mtu akaweka picha za harusi. Kulipokucha, ule ujumbe ulikuwa umezikwa chini ya mingine zaidi ya sitini. Siku ya tatu wavunaji wakaingia kitalu namba 3, wakavuna matenga 38.

Bahati nzuri mtunza stoo aliuliza swali kabla fuso halijapakiwa. Nyanya zile hazikwenda sokoni. Hasara ilikuwa kubwa, lakini ingekuwa kubwa zaidi kama mnunuzi angepima masalia ya dawa, au kama mtoto wa mtu angezila.

Hakuna aliyekosa kutuma taarifa. Taarifa ilitumwa. Tatizo ni kwamba ilitumwa mahali ambapo haiwezi kuonekana, haiwezi kutafutwa kwa neno, na hakuna aliyetakiwa kuijibu.

Wanaouza nje au kwenye maduka makubwa wanalijua hili vizuri zaidi. Ukiwa kwenye mfumo kama GLOBALG.A.P., mkaguzi anataka kuona kumbukumbu ya kila unyunyiziaji: dawa gani, kipimo gani, tarehe gani, nani alipiga, na lini iliruhusiwa kuvuna. Ukimwambia "iko kwenye grupu, ngoja nitafute", ujue siku imeanza vibaya.

Maswali sita ya kujiuliza kabla ya kuchagua

*1. Nani anaweza kumwondoa mtu, na akiondolewa anabaki na nini?* Kwenye grupu la WhatsApp ukimwondoa mtu, hapati ujumbe mpya, lakini ya zamani yote yanabaki kwenye simu yake: bei, namba za wateja, picha za risiti. Na kama admini pekee ni msimamizi ambaye mmegombana, wewe mwenye shamba huna mamlaka. Kwenye seva yako, akaunti ni mali ya shamba. Unaifunga asubuhi, mchana hana mlango. Hata hivyo tusidanganyane: alichokwisha kupiga picha ya skrini hukirudishi.

*2. Mtu mpya ataona ya nyuma?* Msimamizi mpya akianza Jumatatu anahitaji kujua kitalu gani kilipigwa dawa Alhamisi. Kama mfumo unamwonyesha kuanzia siku aliyoingia tu, anaanza kazi akiwa kipofu.

*3. Je, inatafutika?* Jaribu sasa hivi: tafuta oda ya mnunuzi ya mwezi uliopita. Ikikuchukua zaidi ya dakika moja, huna kumbukumbu, una lundo. Ujumbe wa sauti ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu huwezi kuutafuta kwa neno.

*4. Inakula bando kiasi gani?* Piga hesabu. Picha moja ya kamera ya simu isipopunguzwa inaweza kuwa MB 3. Picha 10 kwa siku zikishuka kwenye simu 14 ni MB 420 kila siku. Nani analipia? Kama ni kibarua, atazima data, na taarifa ya dawa haitamfikia. Mfumo mzuri unakuruhusu kuzima upakuaji wa picha wa moja kwa moja.

*5. Inafanya kazi kwenye simu zenu?* Simu nyingi za Android za bei nafuu huzima programu zinazofanya kazi chinichini ili kuokoa chaji. Programu kubwa zinazojulikana mara nyingi huachwa, hii ngeni uliyoiweka jana ndiyo inazimwa. Matokeo yake ujumbe wa saa 12 asubuhi unaingia saa 4. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya betri, simu moja baada ya nyingine, na kuiruhusu programu hiyo ifanye kazi bila kubanwa.

*6. Siku ukitaka kuondoka, unaondoka na mzigo wako?* Huduma hufa. BBM ya watumiaji wa kawaida ilifungwa Mei 2019. HipChat, ambayo ofisi nyingi duniani zilitegemea, ilifungwa mwaka huohuo. Skype ilifungwa Mei 2025. Slack nayo mwaka 2022 ilipunguza mpango wake wa bure, ukawa unaonyesha historia ya siku 90 tu. Uliza mapema kama unaweza kutoa kumbukumbu zako zote kwenye faili unayoweza kuifungua.

Machaguo yaliyopo

Sasa tuingie ghalani, moja baada ya jingine.

*WhatsApp.* Faida yake haina mshindani: kila mtu anayo, kuanzia dalali hadi mnunuzi wa Kariakoo. Tangu mwaka 2016 ujumbe wake unafungwa kwa kufuli kutoka simu hadi simu, yaani hata kampuni haisomi kilichoandikwa. Grupu linabeba hadi watu 1,024, na unaweza kuweka maadmini pekee ndio watume. Udhaifu wake kwa shamba ni kwamba akaunti imefungwa kwenye namba ya mtu, mada zote zinachanganyika kwenye mto mmoja, na kumbukumbu inategemea simu.

*Telegram.* Grupu linaweza kugawanywa kwa mada, faili hadi GB 2 zinapita, na mtu mpya anaweza kuruhusiwa kuona ya nyuma. Ila grupu la kawaida halina ile kufuli ya simu hadi simu. Kampuni ndiyo inashika funguo. Kwa ratiba ya umwagiliaji sawa. Kwa nakala za vitambulisho vya wafanyakazi, hapana.

*Signal.* Inaendeshwa na taasisi isiyo ya faida, na kwa usiri ni imara sana. Ninaipendekeza kwa wale watatu au wanne wanaojadili bei na mishahara. Kama daftari la shamba haifai, kwa sababu haikujengwa kutunza historia ya timu.

Kuanzia hapa tunaingia kwenye seva unazoweza kuziweka wewe mwenyewe. Hizi ni programu huria: unaipakua, unaiweka kwenye kompyuta yako au ya kukodi, na funguo ni zako.

*XMPP.* Huu si programu moja bali ni lugha ya pamoja ya seva, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa jina la Jabber. Usiudharau kwa umri wake: WhatsApp yenyewe ilianza kwa kutumia ejabberd, moja ya seva za XMPP. Nyingine ni Prosody, nyepesi sana, inaweza kuhudumia timu ya watu 20 kwenye kompyuta ndogo mno. Kwa asiye fundi kuna Snikket, kifurushi kilichojengwa juu ya Prosody, ambapo unamwalika mtu kwa linki na anaingia. Jambo moja la kuangalia: mpangilio wake wa awali hutunza ujumbe kwenye seva kwa siku chache tu. Ongeza muda huo siku ya kwanza, la sivyo utajenga ghala linalojifagia lenyewe.

*Matrix.* Ulianza mwaka 2014. Programu yake inayojulikana zaidi ni Element, na serikali ya Ufaransa ilijenga huduma yake ya ujumbe, Tchap, juu ya Matrix. Uzuri wake, kama XMPP, ni kwamba seva zinaongea zenyewe kwa zenyewe kama barua pepe. Ushirika unaweza kuwa na seva yake, mnunuzi na yake, na bado mkawasiliana. Ubaya ni uzito: seva yake ya Synapse hula memori, hasa ukijiunga na vyumba vikubwa vya nje.

*Zulip.* Kwa maoni yangu hii ndiyo inakaa karibu zaidi na kazi ya shamba. Mazungumzo yamepangwa kwa njia kuu, na ndani ya kila njia kuna mada. Unaweza kuwa na njia ya "Dawa" na mada "Kitalu 3", njia ya "Oda" na mada moja kwa kila mnunuzi. Ukirudi baada ya siku mbili unasoma mada yako tu, hupiti kwenye soga. Kwa timu ndogo inahitaji seva yenye memori ya GB 2. Soma masharti ya arifa za simu kabla hujaamua: hata ukiwa na seva yako, arifa hizo hupita kwenye huduma ya kampuni yao, na mpango wa bure una kikomo cha watumiaji.

*Mattermost na Rocket.Chat.* Zinafanana na Slack na zinawekwa kwenye seva yako. Ni nzuri kwa kampuni yenye ofisi na kompyuta mezani. Kwa wavunaji wenye simu za kioo kidogo naziona nzito kidogo. Na matoleo yake ya bure hubadilishiwa masharti, hivyo soma ya mwaka huu, si ya mwaka juzi.

Kuhusu kufuli, ninyi vijana mara nyingi mnauliza ipi ina "usiri mkubwa kuliko zote". Kufuli ya simu hadi simu na kumbukumbu ya timu huvutana. Ukifunga kila ujumbe hivyo, seva haiwezi kusoma, kwa hiyo haiwezi kukutafutia, na simu zikipotea zote ujumbe umekwenda nazo. Zulip haina kufuli ya namna hiyo. Mwenye seva anaweza kusoma. Kwa rekodi za dawa na oda, hiyo ni sawa kabisa, ilimradi mwenye seva ni wewe. Kwa hiyo gawanya: siri kwenye Signal, rekodi kwenye seva ya timu.

Seva ikae wapi?

Una sehemu tatu. Ya kwanza ni kukodi nje ya nchi. Ni rahisi na imara, na seva ndogo yenye memori ya GB 1 hupatikana kwa kati ya dola 5 na 7 hivi kwa mwezi, lakini inategemea nyaya za baharini. Mnakumbuka Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ikasuasua Tanzania na kwa majirani zetu. Siku kama hiyo seva iliyo Ulaya inaonekana kama imezimika.

Ya pili ni kukodi hapa nchini. Bei mara nyingi iko juu kidogo, ila mawasiliano ya ndani ya nchi yanaweza kuendelea hata njia ya nje ikiwa na shida, kwa kuwa mitandao yetu hukutana hapahapa kupitia vituo vya kubadilishana intaneti.

Ya tatu ni shambani kwenyewe. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi 4 hutumia umeme mdogo kuliko taa nyingi za zamani, unaweza kuilisha kwa sola na betri. Ukiiunganisha na Wi-Fi ya shamba, walioko karibu na stoo na ofisi wanaweza kutumiana ujumbe hata bila intaneti, mradi fundi ameipanga kwa kazi hiyo. Lakini dereva akiwa njiani hamfikii mpaka intaneti irudi. Na umeme ukikatika ghafla mara kwa mara, kadi ya kumbukumbu huharibika, kwa hiyo tumia diski ya SSD na betri ya akiba. Kama huna fundi karibu, achana nayo kwanza.

Huduma kubwa nazo huanguka. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa takriban saa 6. Kwa hiyo popote utakapokuwa, kuwa na njia ya pili. Kwetu njia ya pili ni SMS na simu ya kawaida. Weka orodha ya namba zote ukutani stoo.

Gharama ambayo watu hawaihesabu

Kodi ya seva ndiyo ndogo kuliko zote. Programu ni bure, cheti cha usalama cha Let's Encrypt ni bure, jina la anwani unalipia kwa mwaka. Gharama kubwa ni mtu.

Lazima awepo anayesasisha seva kila mwezi, anayeangalia diski isijae, na anayehakikisha bakapu. Rudi kwenye hesabu yetu: picha 10 za MB 3 kwa siku, siku 26 za kazi, ni MB 780 kwa mwezi, zaidi ya GB 9 kwa mwaka. Si nyingi, ila diski ya GB 20 ikijaa katikati ya msimu na hakuna anayejua neno la siri la seva, mmekwama. Kama kwenye timu yako hakuna mtu anayeweza kutenga saa 2 au 3 kila mwezi kwa kazi hiyo, na mwingine wa pili anayejua akiugua, usijenge seva. Kodi iliyoandaliwa tayari. Zulip, Mattermost na Element wote wanatoa huduma hiyo, kwa kawaida kwa malipo.

Sheria haijakaa mbali

Ukiwa na wafanyakazi, unatunza majina, namba za NIDA, akaunti za benki, pengine hata vyeti vya hospitali. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Kwa wasomaji wa Kenya kuna sheria yenu ya mwaka 2019. Kwa lugha ya shambani: picha ya kitambulisho cha kibarua haipaswi kuelea kwenye grupu la watu 40. Mpe mhasibu peke yake. Na ukiweka seva nje ya nchi, ujue kwamba sheria inagusa pia kusafirisha taarifa za watu nje ya mipaka.

Ushauri wangu kwa ukubwa wa timu

*Mpo chini ya 10.* Baki WhatsApp, lakini ipange. Nunua laini ya shamba, isajiliwe kwa jina la biashara au la mwenye shamba, ndiyo iwe admini mkuu pamoja na mtu mwingine mmoja. Weka PIN ya uthibitisho wa hatua mbili. Tengeneza makundi matatu: Dawa na Uvunaji, ambamo wapiga dawa na wasimamizi wamefanywa maadmini na hao tu ndio wanaandika, Oda na Usafiri, na Soga, mahali pa mpira na harusi. Usiwanyime watu soga. Ukiwanyima, wataileta kwenye dawa.

*Mpo 10 hadi 40, mna wanunuzi wa kudumu.* Hapa Zulip ya kukodi au ya seva yenu inaanza kulipa, au Telegram yenye mada kama pesa bado ni ngumu. Mteja na dalali waacheni WhatsApp. Usimlazimishe mnunuzi apakue programu yako. Mtu mmoja ahamishe kila oda kutoka WhatsApp kwenda kwenye mada ya mnunuzi huyo.

*Ushirika au mashamba kadhaa.* Fikirieni Matrix au XMPP, kwa sababu kila shamba linaweza kuwa na seva yake na bado mkaongea. Hapo ajirini fundi kwa mkataba, si mpwa wa mwenyekiti "anayejua kompyuta".

Mfumo bila nidhamu ni bure

Timu yoyote nitakayoisaidia huanza na muundo mmoja wa ujumbe wa dawa. Unaandikwa, hausemwi kwa sauti:

DAWA – Kitalu 3 – Nyanya – (jina la dawa na kipimo) – imepigwa Jumatatu tarehe 4, saa 11 jioni – aliyepiga – KUVUNA NI KUANZIA tarehe 11.

Tarehe ya kuruhusiwa kuvuna iandikwe kamili, kwa kufuata lebo ya dawa hiyo. Usiandike "baada ya siku 7" ukamwachia mvunaji hesabu. Msimamizi wa uvunaji lazima ajibu "Nimeona" ndani ya saa moja. Asipojibu, anapigiwa simu.

Na kwa wale wenye kitochi, ambao kwenye mashamba mengi ndio wengi, hakuna seva itakayowafikia. Kitambaa chekundu kwenye kona ya kitalu kilichopigwa dawa, na ubao mweusi mlangoni pa stoo, vibaki palepale. Seva inasaidia ubao, haiuondoi.

Suala la pesa nalo lina kanuni yake. Sote tunazijua zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Matapeli huingia kwenye akaunti ya mtu mmoja wakaagiza kwa sauti ya bosi. Amri yoyote ya malipo inayokuja kwa ujumbe, hata kwenye seva yako mwenyewe, ithibitishwe kwa kupiga simu. Bila simu, hakuna malipo.

Jaribu siku 14 kabla ya kuhama

Usihamishe watu wote Jumatatu moja. Chukua watu watano, kitalu kimoja, wiki mbili, halafu pima:

- Je, kila ujumbe wa dawa ulijibiwa ndani ya saa moja?
- Je, unaweza kupata oda ya siku ya tatu chini ya dakika moja?
- Funga akaunti ya majaribio. Je, kweli imefungwa kwenye simu yake?
- Zima data kwa saa 3 kisha washa. Je, ujumbe wote umeingia?
- Rudisha bakapu kwenye kompyuta nyingine. Je, inafunguka? Bakapu ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu.
- Waulize wapiga dawa na wavunaji, si meneja: je, ni rahisi?

Ikifeli mawili kati ya hayo, rekebisha au badilisha kabla ya msimu. Kuhama katikati ya mavuno ni kama kubadilisha tairi gari likiwa kwenye mteremko.

Wiki hii naomba kila mmoja afanye jambo moja tu, hata kama hana mpango wa seva: afungue grupu la shamba aangalie maadmini ni nani. Kama jina lako au laini ya shamba haimo, anzia hapo. Kazi njema, na mvua zikianza, msisahau kusafisha mifereji.